Mabamba Janja Ukutani: Somo Juu ya Usalama wa Mawimbi ya Simu



Katika mikutano ya kamati mchanganyiko za usalama, ambako raia, utawala na polisi huketi pamoja, maswali juu ya simu siku hizi hushindana na maswali juu ya kufuli na taa za barabarani. Watu huuliza juu ya ujumbe wa ulaghai, juu ya pesa zilizotoweka katika akaunti ya simu, juu ya namba zisizojulikana zinazopiga usiku. Katika toleo hili tumeona vema kwenda hatua moja mbele na kuzungumzia kifaa ambacho bado kiko mikononi mwa watafiti na makampuni yanayokifanyia majaribio. Huenda mtu akasema: mbona polisi watuletea habari za mambo yasiyokuwapo? Jibu tunalo katika historia yetu wenyewe. Simu za mkononi zilitumika nchini mwetu kwa miaka mingi kabla ya kupatikana sheria maalumu ya kuzuia na kuadhibu uhalifu wa mitandao, ile ya tarehe 16 Machi 2022. Katika miaka hiyo yote matapeli hawakusubiri. Walisoma mapema kuliko sisi.

Wataalamu hukiita kifaa hiki kwa majina marefu. Hapa tutakiita bamba akisi, au bamba janja, kwa kufuata lugha ya mitaani iliyokwisha kutupa «simu janja». Neno janja katika Kiswahili lina pande mbili: ni werevu, na ni hila. Kwa kifaa hiki pande zote mbili zinafaa.

Sote tumewahi kumwona mtoto akicheza na kipande cha kioo juani. Hukiinamisha kidogo, na doa la mwanga huhama kutoka ukuta wa jirani hadi machoni pa mpita njia. Mawimbi ya redio, yale yanayobeba sauti na ujumbe kati ya simu na mnara, nayo huakisiwa na bati, na zege, na maji ya ziwa, hata na miili yetu. Lakini ukuta wa kawaida huyarudisha ovyo, au kwa pembe ile ile yaliyoingilia, wala hakuna awezaye kuuamuru uyapeleke kwingine. Bamba akisi huamriwa. Uso wake umegawanywa katika vipande vidogo vingi, kila kimoja kifupi kuliko urefu wa wimbi lenyewe, na kila kipande kina swichi yake ndogo ya kielektroniki. Swichi ikiwa wazi, kipande hulirudisha wimbi mara moja. Ikifungwa, hulichelewesha kwa sehemu ndogo mno ya sekunde.

Hapo ndipo penye siri yote. Mfikirie mtumbwi katika Ziwa Tanganyika wenye wapiga makasia kumi. Wakipiga pamoja, chombo chaenda kwa nguvu. Nusu wakichelewa na kupiga pale wenzao wanapoinua, chombo chasuasua. Mawimbi yanayorudi kutoka katika vipande vya bamba hufuata kanuni hiyo hiyo. Kidhibiti hupanga ni vipande vipi vicheleweshe na kwa kiasi gani, ili upande mmoja mawimbi yafike pamoja na kuzidishiana nguvu, na upande mwingine yapingane na kufutana. Bamba halisogei hata kidogo, lakini lafanya kazi ya kioo kinachoinamishwa.

Wazo la kuliongoza bamba la namna hii kwa tarakimu za kompyuta lilitangazwa mwaka 2014 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kusini-Mashariki huko Nanjing, China. Mwaka 2018 kampuni ya simu ya Japani, NTT Docomo, ilijaribu jijini Tokyo bamba lililoelekeza mawimbi ya gigahezi 28 mahali ambapo hayakuwa yakifika. Januari 2020, pamoja na kampuni ya vioo ya AGC, ikaonyesha bamba lenye kupitisha mwanga, ambalo laweza kubandikwa dirishani bila mtu kuliona. Mwaka huo huo wa 2020 watafiti wa MIT nchini Marekani walionyesha bamba la mita sita za mraba lenye vipande 3,720, vya bei ya chini sana kimoja kimoja, ambalo liliongeza nguvu ya mawimbi ndani ya jengo la ofisi mara tisa na nusu kwa wastani. Taasisi ya viwango ya Ulaya, ETSI, iliunda kikundi maalumu cha kulishughulikia jambo hili mwaka 2021. Mitandao ya kizazi cha sita, ambayo Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano uliipitishia mwongozo Novemba 2023, inatazamiwa karibu na mwaka 2030, na mabamba haya yamo miongoni mwa vifaa vinavyotajwa.

Kwa mji kama Bujumbura faida yake haifichiki. Mji wetu umelala bondeni kando ya ziwa, kisha ukapanda ghafla milimani kuelekea Kiriri na Gihosha. Mawimbi ya masafa ya juu, ambayo hubeba habari nyingi kwa haraka, ni dhaifu kama mgonjwa: ukuta huyazuia, majani huyazuia, hata mtu akisimama katikati huyazuia. Kuyafikisha kila bonde kwa minara peke yake ni gharama kubwa, kwani kila mnara wahitaji umeme, na umeme ukikatika wahitaji jenereta na mafuta. Bamba akisi halitoi mawimbi yake. Hugeuza tu yaliyokwisha kutolewa, na umeme linaohitaji ni wa kuendesha swichi tu. Hatuandiki makala haya ili kulipinga.

Twaandika kwa sababu lile linaloelekeza mawimbi kwa mwenye haki laweza pia kuyaelekeza kwa asiye na haki.

Mwaka 2022, katika mkutano wa usalama wa mawasiliano uliofanyika San Antonio, Marekani, watafiti wa vyuo vikuu vya Rice na Brown walieleza jaribio ambalo kila afisa wa upelelezi angepaswa kulijua. Walichukua karatasi ya kawaida, mashine ya kuchapia ya ofisini, karatasi nyembamba ya madini na mashine ya kufunikia vitambulisho kwa plastiki. Kwa vitu hivyo, na kwa muda wa dakika tano hivi, walitengeneza bamba ambalo, likiwekwa kwenye njia ya mawimbi ya gigahezi 150, humega sehemu ya mawimbi hayo na kuyapeleka pembeni, kwa msikilizaji asiyealikwa. Mpokeaji halali aliendelea kupokea. Hakukuwa na kengele ya hatari, wala mtandao kukatika.

Tulitazame jambo hili kwa macho ya polisi. Mtego wa kawaida wa kusikilizia una betri, una waya, hutoa mawimbi yake, na kwa hiyo fundi mwenye kipimo aweza kuuvumbua. Karatasi hii haina betri wala waya, na haitoi chochote. Aliyeiweka anaweza kuwa ameondoka zamani, na iliyobaki ukutani yafanana na pambo au tangazo la biashara. Ni kweli kwamba bamba la karatasi haligeuki. Limechapishwa kwa pembe moja, na mlengwa akihama, halina kazi. Lakini viungo vingi vya mawasiliano ya masafa hayo vinatazamiwa kuwa kati ya vituo visivyohama, yaani paa la jengo moja na paa la jingine.

Wala jambo la namna hii si geni kabisa. Agosti 1945, watoto wa Kisovieti walimkabidhi balozi wa Marekani mjini Moscow, Averell Harriman, zawadi ya nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mbao kwa ustadi mkubwa. Nembo ilitundikwa katika makazi ya balozi, na ikakaa huko hadi mwaka 1952. Ndani yake mlikuwa na chombo kidogo kisicho na betri, kilichobuniwa na Lev Theremin. Nje ya nyumba watu walikielekezea wimbi la redio, nacho kikalirudisha likiwa limebeba mitikisiko ya sauti za waliokuwa wakizungumza chumbani. Mei 1960 Wamarekani waliionyesha nembo hiyo mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Hapa kilikuwa ukutani, na kila mgeni alikisifu.

Hatari ya pili ni ya kuvuruga, na kwangu mimi hii ndiyo inayotuhusu zaidi katika mitaa yetu. Kuvuruga mawimbi kwa mashine ni hila ya kale, lakini ina kasoro kwa mhalifu: humvuruga kila mtu. Mhalifu akizima mawimbi ili king'ora cha duka kisipige simu, mtaa mzima hukosa mtandao, watu hutoka nje kuulizana, na shaka huzuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr huko Bochum, Ujerumani, wakishirikiana na wenzao, wamekwisha kuonyesha kwamba bamba akisi laiondoa kasoro hiyo. Katika kazi iliyotolewa mwaka 2025, walituma mawimbi ya kuvuruga kupitia bamba, wakakizima kabisa kifaa kimoja cha mtandao usio na waya, huku kifaa cha pili kilichokuwa milimita 5 tu kutoka hapo kikiendelea kufanya kazi. Milimita tano ni unene wa kidole cha mtoto.

Maana yake ni nini kwetu? Mwenye duka anapokuja kituoni kusema simu yake ilikataa saa ile ile alipovamiwa, swali la kwanza la afisa, na la majirani pia, huwa: «Je, wenzako walikuwa na mtandao?» Wakisema walikuwa nao, twahitimisha kwamba simu yake ni mbovu, ama salio limekwisha, ama hofu ilimfanya abonyeze vibaya. Swali hilo limetufaa kwa muda mrefu. Kwa kifaa cha namna hii halitatosha tena, na mwathirika anayesema kweli ataonekana mzembe au mwongo. Wenzangu katika vituo watanivumilia nikilisema hili waziwazi: kanuni ya kupima ukweli wa mlalamikaji kwa mtandao wa jirani yake ina siku zake za kuishi.

Watafiti wa Bochum walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 2022 kwamba bamba linaloweza kubadilisha swichi zake kwa kasi hupunguza ubora wa mawasiliano hata bila kuongeza wimbi lolote la kuvuruga. Huyachanganya yale yale yaliyopo, kama mtu anayekitikisa kioo ambacho mwenzake anajitazama.

Kuna pia bamba halali likiangukia mikononi mwa mwingine. Bamba lililowekwa na kampuni ya simu kwa ruhusa zote lina kidhibiti, na kidhibiti hupokea amri kupitia mtandao. Neno la siri likiwa jepesi, au fundi aliyeondoka kazini akibaki nalo, bamba laweza kuelekezwa kwingine. Hata bila neno la siri kuna mlango mwingine: kabla bamba halijajua limpe nani mawimbi, mtandao hupokea ishara fupi za majaribio kutoka katika simu ili kupima njia. Mdanganyifu akituma ishara za uongo wakati huo huo, mtandao waweza kukosea na kuliamuru bamba limwelekee yeye. Hapo hakuna aliyevunja mlango. Mwenye nyumba amefungua mwenyewe kwa kudhani ameisikia sauti ya mwanawe.

Tena mawimbi hueleza mambo ambayo hatukukusudia kuyasema. Mtu akitembea chumbani, mawimbi ya mtandao wa nyumbani hubadilika kidogo, na anayeyapima akiwa nje aweza kujua kama ndani mna mwendo au nyumba ni tupu, bila kusoma ujumbe hata mmoja. Kwa mwizi wa kuvunja nyumba, habari hiyo yatosha. Hapa, hata hivyo, bamba limesimama upande wetu: watafiti hao hao wa Bochum walitengeneza ngao inayobadilisha mwakisiko bila mpangilio, na mbinu ya kupeleleza mwendo waliyoijaribu ikashindwa, uwezo wake wa kugundua ukishuka hadi asilimia 5 au chini yake. Chombo kimoja, kazi mbili. Upanga nao ni hivyo.

Msomaji wa Buyenzi au Kinama atauliza hatari hizi ziko umbali gani kutoka mlangoni pake. Ukweli ni kwamba mhalifu hatumii teknolojia ghali pale ambapo uongo wa bei rahisi wamtosha. Leo anayetaka pesa zako za Lumicash au EcoCash hakuhitaji bamba. Anakupigia simu, anajifanya mfanyakazi wa kampuni, anakuomba namba ya siri. Lakini ngazi hupandwa kidato kwa kidato. Mwishoni mwa Desemba 2022, polisi wa Paris walimsimamisha dereva ambaye ndani ya gari lake mlikuwa na mnara bandia. Kifaa hicho kilizivuta simu za wapita njia na kuzitumia ujumbe wa uongo kwa jina la bima ya afya. Mwaka 2024 polisi wa London walitangaza kukamatwa kwa watu wawili kuhusiana na antena iliyotengenezwa kienyeji iliyotumiwa kutuma maelfu ya ujumbe wa ulaghai. Ujumbe wa namna hiyo haupiti katika mitambo ya kampuni ya simu, kwa hiyo vichujio vya kampuni havina nafasi ya kuuzuia. Hutumia udhaifu wa kizazi cha pili cha mtandao, ambacho simu haiuombi mnara kitambulisho. Baadhi ya simu mpya zina mahali pa kukizima kizazi hicho katika mipangilio yake. Mjini waweza kujaribu. Lakini ukipanda milimani kumtembelea mama, kiwashe tena, kwani huenda ndicho pekee kitakachokufikia.

Usimbaji, yaani kuufunga ujumbe kwa fumbo ambalo mpokeaji peke yake ana ufunguo wake, ndio kinga kubwa kuliko zote. Bamba humega mawimbi. Haliwezi kulifumbua fumbo. Anayesikiliza mazungumzo yaliyosimbwa hupata kelele tu. Hata hivyo atajua kwamba yupo anayezungumza, saa ngapi, na kutoka upande gani, na mara nyingine hayo ndiyo aliyoyatafuta.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia wasiwasi kuliko hila za wataalamu, nalo ni uvumi. Mwaka 2020, nchini Uingereza, watu waliichoma moto minara ya simu kwa kuamini kwamba mawimbi ya kizazi cha tano yalieneza ugonjwa wa Korona, na mafundi walitukanwa na kutishwa barabarani. Siku fundi wa kampuni atakapopanda ngazi mtaani kwetu kubandika kitu kisichoeleweka ukutani, na mtu mmoja akapaza sauti kwamba ni kifaa cha kupeleleza, nani atamlinda? Kwa hiyo tuliseme mapema. Bamba akisi halitoi mionzi yake. Fundi mwenye kazi halali ana barua ya kazi, na kampuni yake iko chini ya ARCT, mamlaka ya kudhibiti mawasiliano nchini. Kumpiga mtu kwa dhana ni kosa la jinai hata kama dhana hiyo ingekuja kuthibitika.

Wenye nyumba ndio watakaoulizwa kwanza, maana bamba huhitaji ukuta, na ukuta una mwenyewe. Mtu akija na pesa taslimu ili abandike kibao, tangazo au antena juu ya nyumba yako, mwombe kitambulisho, jina la kampuni na maandishi ya ruhusa, na mkataba unaosema kifaa ni cha nini na nani atakifuata kikiharibika. Asiyetaka kuandika jina lake asipewe ukuta. Weka nakala. Mpangaji naye amjulishe mwenye nyumba kabla ya kukubali, kwani kifaa kikija kuwa ushahidi, wote wawili wataitwa kueleza.

Ukikuta kitu kimebandikwa na hakuna anayekijua, usikibandue. Hili twalisisitiza kwa sababu mkono wa kwanza wa raia mwema huwa ni kung'oa na kuleta kituoni, na kwa kufanya hivyo huondoa habari mbili ambazo mpelelezi anazihitaji mno: kilikuwa kimeelekea wapi, na kilikuwa mbali kiasi gani na dirisha au antena ya jirani. Kwa bamba la karatasi, pembe ndiyo ushahidi wenyewe. Kipige picha kwa karibu na kwa mbali, andika siku na saa, mwarifu mkuu wa mtaa na kituo cha polisi kilicho karibu. Usiisambaze picha katika makundi ya simu kabla ya uchunguzi. Kama kuna mhalifu, naye yumo katika makundi hayo.

Wenye maduka, wakala wa pesa za simu na walinzi wa usiku wasiweke tegemeo lao lote katika njia moja ya mawasiliano. King'ora kinachopiga simu kipimwe kila jioni kabla ya kufunga, na pawe na njia ya pili isiyotumia mawimbi: waya, kengele, filimbi, au jirani aliyekubaliana nawe kutazama taa fulani. Simu ikikatika ghafla mahali ambapo haikatiki, sogea hatua kadhaa, kisha ujaribu tena. Mtandao ukirudi kwa hatua chache na kupotea ukirejea pale pale, siku baada ya siku, andika na ulete taarifa. Huenda ni zege la jengo jipya tu. Afisa atakayekupokea anapaswa kuisajili taarifa hiyo hata kama majirani zako wote wanasema mtandao wao ulikuwa mzuri.